FamilySearch: inamfaa kiasi gani anayemsaka babu mhamiaji wa enzi za makoloni ya Marekani?

Anayemtafuta babu aliyehamia makoloni ya Waingereza huko Amerika ya Kaskazini kabla ya 1776 tunamshauri aanze na FamilySearch. Tovuti hiyohiyo pia inaweza kumpoteza njia upesi kuliko nyingine yoyote. Nguvu yake imo kwenye picha za nyaraka, na udhaifu wake umo kwenye mti wa ukoo wa pamoja. Kwa bahati mbaya, mti ndio unaompokea mgeni mlangoni. Tathmini hii inaipima kwa kazi moja tu: kumfuata mtu anayejitokeza ghafla kwenye hati ya koloni, ananunua shamba au anaoa, na hakuna neno lililoandikwa kuhusu alikotoka.

Huduma ni ya bure. Inaendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na humlazimu mtumiaji kufungua akaunti tu, si kuwa muumini. Chimbuko lake ni chama cha nasaba kilichoundwa Utah mwaka 1894, ambacho kilianza kupiga nyaraka picha za mikrofilamu mwaka 1938. Kanda zilifika takriban milioni 2.4, na kazi ya kuzihamishia kwenye mfumo wa kidijitali ilikamilika 2021. Kwa hiyo vitabu vya ardhi na mirathi vya kaunti za Virginia, Maryland, Pennsylvania na New England, ambavyo zamani vilimlazimu mtu kusafiri hadi mahakama ya kaunti, sasa vinafunguka kwenye kompyuta ya nyumbani. Kwenye simu vinafunguka pia, ila mwandiko wa karne ya 17 unataka kioo kikubwa.

Kwanza tuondoe kosa linalokula miezi ya watu: kuanza na meli. Serikali ya Marekani haikuwataka manahodha watoe orodha za abiria mpaka ilipotungwa sheria ya 1819, na orodha zenyewe zinaanza 1820. Kwa enzi za ukoloni, abiria wengi hawakuandikwa popote, au waliandikwa na karatasi zikapotea. Kwa hiyo ukiandika jina la babu kwenye kisanduku cha uhamiaji cha FamilySearch, ukakosa, hujajua lolote kuhusu babu. Umejua tu kwamba orodha hazipo.

Kuna mahali pachache penye nafuu. Pennsylvania iliwaapisha wageni wasio Waingereza, wengi wao Wajerumani, kuanzia 1727. Wanaume wa miaka 16 na zaidi waliandikwa, na kwa safari nyingi kuna mpaka orodha tatu: ya nahodha na mbili za viapo. Ya nahodha iliandikwa kwa kusikia sikio la Mwingereza, ndiyo maana majina yameharibika. Za viapo zina sahihi ya mtu mwenyewe kama alijua kuandika. Linganisha sahihi hiyo na ile ya kwenye wosia wake halisi miaka 30 baadaye, utajua kama ni yeye. Kwenye kitabu cha kaunti ulinganisho huo haufanyiki, kwa kuwa kitabu ni nakala ya karani na sahihi zote mle ni za mkono wake.

Virginia ilitoa ekari 50 kwa kila mtu aliyesafirishwa, na hati za ardhi hizo zinawataja waliosafirishwa kwa majina. Wengi huuchukua mwaka wa hati wakauita mwaka wa kuwasili. Si sahihi. Haki hiyo iliuzwa na kununuliwa kama bidhaa, ikadaiwa hata miaka mingi baada ya mtu kushuka, na wakati mwingine jina moja lilidaiwa zaidi ya mara moja. Hati hiyo inakuambia kwamba kufikia tarehe ile jina lile lilikuwa limeshatumika kudai ardhi. Zaidi ya hapo usiisemeshe. Picha za hati zenyewe Maktaba ya Virginia imeziweka mtandaoni bure, na kwa kazi hii tovuti yake ni rahisi kuliko FamilySearch.

Sasa tuje kwenye kilicho bora. Mwaka 2024 FamilySearch ilianza kutoa kwa majaribio utafutaji wa maandishi kamili, ambapo kompyuta husoma mwandiko wa kalamu kwenye picha na kukuruhusu kutafuta neno lolote lililoandikwa mle. Ilianza na hati za ardhi na mirathi za Marekani pamoja na nyaraka za wathibitishaji wa mikataba (notari) wa Meksiko. Kwa anayemsaka mhamiaji wa kikoloni, hakuna kilichobadilisha kazi kama hiki, na sababu yake inafaa kuelezwa vizuri.

Faharasa za makarani wa kaunti ziliorodhesha watu wawili kwa kila hati ya ardhi, muuzaji na mnunuzi. Za mirathi zilimworodhesha marehemu. Lakini mhamiaji fukara, katika miaka yake ya mwanzo, hakuuza, hakununua, wala hakufa akaacha mali ya kugombewa. Hata hivyo alikuwepo. Alishuhudia wosia wa jirani. Alidaiwa shilingi chache na mwenye duka, na deni likaandikwa mwenye duka alipokufa. Alimbebea mpima ardhi mnyororo wa kupimia. Shamba alilopanga lilitajwa kuwa mpaka wa shamba la mwingine. Majina ya namna hiyo yalikaa ndani ya kurasa kwa miaka 300 bila njia ya kuyafikia isipokuwa kusoma kitabu kizima. Sasa yanatafutika.

Jinsi ya kuutumia utafutaji huu: andika jina kamili ndani ya alama za nukuu, kisha chuja kwa koloni au kaunti na kwa miaka. Ukitaka neno lazima liwepo, litangulizie alama ya kujumlisha. Kiulizo kinasimama badala ya herufi moja na kinyota badala ya herufi nyingi, kwa hiyo Sn?der itakuletea Snyder na Snider. Schneider haitakuja, itafute peke yake. Mjerumani aliyeitwa Zimmermann mtafute pia kama Carpenter, maana tafsiri ya jina ilikuwa jambo la kawaida.

Mashine inakosea, na inakosea kwa utaratibu unaotabirika. Waandishi wa zamani waliandika herufi s ya kwanza kwenye ss ikiwa ndefu, nayo husomwa kama f: Moss inageuka Mofs, Jesse inageuka Jefse. Itafute hivyohivyo ilivyoharibika. Herufi kubwa L na S hufanana sana kwenye mwandiko wa karne ya 17, na I na J zilikuwa karibu herufi moja. Majina ya kwanza yalifupishwa: Jno ni John, Wm ni William, Jas ni James. Anayetafuta "John" peke yake anaacha sehemu kubwa ya hati za babu yake nje ya wavu. Neno lililokatwa mwisho wa mstari mashine hulihesabu vipande viwili. Mwaka unaoonyeshwa kwenye matokeo nao mara nyingi ni wa kitabu kizima, si wa hati, hivyo usichuje miaka kwa kubana sana. Acha nafasi ya miaka 20 kila upande.

Kosa linalotuudhi zaidi si la mashine. Msomaji hufungua ukurasa uliotiwa rangi, husoma mistari mitano yenye jina, akafunga. Hati ya ardhi inaweza kuanzia ukurasa wa nyuma, na mashahidi, tarehe ya kusajiliwa na tamko la mke huja ukurasa wa mbele. Geuza kurasa pande zote mbili mpaka uone mwanzo na mwisho wa hati, kila mara.

Njia inayozaa matunda ni kuacha kumtafuta babu moja kwa moja. Chukua hati tatu au nne ambazo una hakika ni zake, uwaandike watu wote waliomo: mashahidi, wadhamini, majirani wa mipaka, baba mkwe, wasimamizi wa ubatizo wa watoto. Utapata watu kumi hadi kumi na wawili. Kisha mtafute kila mmoja wao pamoja na maneno yanayofichua asili. Hati ziko kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno ya kutafuta ni ya Kiingereza: "late of", "parish of", "Kingdom of Ireland". Watu hawakuhama peke yao. Mji wa Hingham huko Massachusetts, ulioanza 1633, ulijazwa na watu wa Hingham ya Norfolk, Uingereza, na ndiko alikofika Samuel Lincoln mwaka 1637, babu wa rais Abraham Lincoln. Kama karani asingeandika asili ya huyo mmoja, majirani zake wangetosha kuelekeza kidole.

Neno lenye thamani kuliko yote ni "letter of attorney", hati ya uwakili. Mtu wa koloni aliporithi kitu Ulaya, au ndugu yake alipofariki kule akiwa hana mtoto, ilimbidi amwandikie msafiri uwakili wa kwenda kudai. Ili adai, alijieleza: mtoto wa fulani, wa parokia fulani, ndugu wa fulani. Kisha akaisajili kwenye kitabu cha ardhi cha kaunti, mahali ambapo hakuna aliyefikiri kutazama kwa sababu haihusu ardhi. Hati moja ya aina hiyo inamaliza kazi ya miaka. Zitafute kwa jina la ukoo, tena kwa majina ya wale watu kumi, na kwa miaka yote mpaka wajukuu.

Utafutaji huu unafaa pia kwa wazao wa Waafrika walioletwa kwa minyororo. Hao hawakuwa wahamiaji kwa hiari, na makarani hawakuwapa majina ya ukoo. Walitajwa kwa jina moja ndani ya orodha za mali za marehemu, wosia na rehani, chini ya jina la aliyejiita mmiliki wao. Faharasa za zamani ziliwaacha nje kabisa, na sensa ya kwanza kuwaandika kwa majina watu waliokuwa watumwa kote nchini ni ya 1870. Tafuta jina la mmiliki pamoja na jina la kwanza la mtu wako, fuata wosia kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto, kutoka kwa mke mjane kwenda kwa mume mpya. Kazi ni ndefu na inaumiza kusoma, lakini majina yapo, na yanastahili kutolewa mle.

Sehemu nyingine mbili za tovuti zinastahili sifa. Katalogi, ukitafuta kwa mahali badala ya jina, inaonyesha vitabu vyote vilivyopigwa picha vya kaunti, vikiwemo ambavyo havina faharasa wala havijasomwa na mashine. Hapo ndipo penye vitabu vya amri za mahakama na vya parokia, na huko utasoma ukurasa kwa ukurasa. Wiki yake (kamusi elezo ya mtandaoni) nayo inaeleza kaunti baada ya kaunti hati zinaanza mwaka gani na zipi ziliungua. Isome kabla ya kutafuta lolote. Kaunti ya James City, Virginia, ilipeleka vitabu vyake Richmond kwa usalama wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, vikateketea huko 1865. Asiyejua hilo atatafuta wiki nzima kitu kilichokwisha kuwa majivu.

Mipaka pia. Orange ilikatwa kutoka Spotsylvania mwaka 1734, na Augusta ikakatwa kutoka Orange mwaka 1738, lakini mahakama ya Augusta haikuanza kazi mpaka 1745. Mtu aliyelima shamba lilelile ng'ambo ya milima ya Blue Ridge ana hati kwenye zaidi ya kaunti moja bila kuhama hata hatua, na zile za miaka ya kati ziko Orange. Kichujio cha FamilySearch hakitakuambia hivyo. Wiki itakuambia.

Mti wa pamoja, sasa. Ni mti mmoja kwa dunia nzima, na mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kubadilisha taarifa za karibu marehemu yeyote. Kwa watu wa karne ya 19 na 20 unafaa sana, kwa kuwa vyeti na sensa huurekebisha. Kwa mhamiaji wa 1650, hapana. Hapo watu wawili wenye jina moja huunganishwa kuwa mmoja, na mhamiaji hupewa wazazi kwa sababu tu mtoto wa jina hilo alibatizwa mahali fulani mwaka unaokaribia. Baadhi ya makosa ni ya zamani kuliko intaneti. Gustave Anjou, aliyefariki 1942, aliuza nasaba za kubuni kwa familia tajiri za Marekani, na matawi yake bado yanachipua kwenye miti ya leo.

Ukifungua ukurasa wa mtu wa kikoloni, tazama sehemu ya vyanzo kwanza. Chanzo ambacho ni mti mwingine si chanzo. Tazama kama kuna hati inayosema mtu wa upande huu na mtu wa upande ule ni mmoja. Kama haipo, wachukue wazazi hao kama uvumi, uendelee na kazi yako. Weka pia mti wako mwenyewe nje ya tovuti, kwenye programu ya kompyuta, ili asije mtu akaubadilisha usiku.

Kuvuka bahari ndiko kunakohitaji nidhamu. Parokia za Uingereza ziliamriwa kuweka rejista mwaka 1538, ingawa nyingi hazijahifadhi za mwanzo, na miaka ya 1642 hadi 1660 ina mapengo kwa sababu ya vita na utawala uliofuata. FamilySearch ina faharasa kubwa ya ubatizo wa Uingereza, ila haina parokia zote. Tokeo moja linalolingana halimaanishi ni moja tu lililokuwepo.

Ukipata ubatizo wa jina na umri unaofaa, jaribu kuuangusha. Je, mtoto huyo alizikwa palepale utotoni? Je, alioa na kuzaa kwenye parokia hiyo wakati babu yako tayari yuko koloni? Ukishindwa kumwangusha, tafuta ushahidi wa kumsimamisha: wosia wa baba, mjomba au dada unaomtaja ndugu aliyeko Virginia au New England. Wosia za watu wenye mali pande zote mbili za bahari mara nyingi zilithibitishwa kwenye Mahakama ya Canterbury, na vitabu vyake viko Kew, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, kundi PROB 11. Hizo huzipati kwa urahisi FamilySearch. Nenda kwenye tovuti ya hifadhi yenyewe.

Tarehe zitakusumbua usipojua kalenda. Katika Uingereza na makoloni yake, mpaka 1752, mwaka ulianza Machi 25. Februari 1691 yao ni Februari 1692 yetu, na waandishi makini waliandika 1691/2. Faharasa za FamilySearch hazifuati kanuni moja katika hili, ndiyo maana mtoto huonekana amezaliwa kabla ya ndoa ya wazazi kumbe walioana miezi kumi kabla. Kwa Waquaker, "mwezi wa kwanza" ni Machi. Mwaka 1752 wenyewe, Septemba 2 ilifuatwa na Septemba 14.

Kwa asili za Kijerumani tovuti inasaidia nusu ya safari. Rejista za Kilutheri na za Wamoravia huko Pennsylvania mara nyingine hutaja kijiji cha kuzaliwa kwenye kumbukumbu ya mazishi, kwa hiyo soma mazishi ya babu na ya kila mtu wa meli yake. Kwa Waholanzi wa New York ni rahisi zaidi: kitabu cha ndoa cha kanisa la New Amsterdam kuanzia 1639 huandika bwana na bibi harusi wametoka wapi. Kwa wafungwa waliosafirishwa chini ya sheria ya 1718, ambao ni takriban 50,000, kesi za London zinasomeka bure kwenye tovuti ya Old Bailey, mahakama ya jinai ya jiji hilo. Na kama babu alifika New England kabla ya 1636, anza na mradi wa Great Migration wa chama cha nasaba cha Boston, ulioanza 1988, kabla hujagusa chochote kingine. Huenda kazi yako imeshafanywa, tena kwa ukali kuliko ambavyo ungeifanya.

Vipimo vya DNA FamilySearch haiuzi. Kwa babu wa kizazi cha kumi wastani wa urithi wako ni 1 kwa 1,024, na unaweza usiwe na chembe yake. Kipimo cha kromosomu Y, kwa mwanamume wa ukoo uleule wa kiumeni, ndicho chenye maana hapa.

Kero ya mwisho ni picha zilizofungwa. Alama ya kamera yenye ufunguo inamaanisha mwenye nyaraka ameweka masharti, na mara nyingi picha itafunguka tu ukiwa ndani ya kituo cha FamilySearch au maktaba shirikishi. Vituo hivyo viko nchi nyingi na huingii kwa malipo. Nenda na orodha ya namba za kundi la picha (namba ambayo tovuti hulipa kila fungu la picha) na kurasa, siyo majina, kwa sababu muda wa kukaa huisha upesi. Masharti haya hubadilika mikataba ikibadilika: iliyokuwa wazi inaweza kufungwa. Kwa hiyo hati ya babu ukiiona, ipakue siku hiyohiyo, na kwenye jina la faili andika kaunti, aina ya kitabu, namba ya kitabu, ukurasa, na namba ya kundi la picha.